Thairoidi Imetulia, Mbona Roho Bado Inadunda?

Umemeza kabimazoli, dawa ya kutuliza thairoidi iliyozidi, kwa miezi mitatu. Mikono imeacha kutetemeka, nguo zimeanza kukukaa tena mwilini, jasho la usiku limekauka, na afisa wa kliniki amekwambia thairoidi imetulia. Ila ukilalia ubavu wa kushoto roho inadunda hadi unaisikia kwenye mto, na mchana ukipandisha kilima kidogo na ndoo ya maji moyo unaruka, unasita, kisha unapiga kwa kishindo. Ukirudi kliniki unaambiwa ni mawazo. Mwenye duka la dawa anakuuzia propranololi, dawa ya kupunguza mapigo. Jirani ana hakika kwamba ni presha. Kila mtu ana jibu, na katika wote hakuna aliyekushika mkono akahesabu.

Shauri langu kwa mgonjwa wa Kitale, wa Bungoma, au wa kijiji chochote cha katikati, huku magharibi ya Kenya, ni hili: kabla ya kuuliza kwa nini moyo unakwenda mbio, jua unakwenda vipi. Moyo unaokwenda kasi lakini kwa mpangilio una sababu zake, nyingi zikiwa za kurekebishika kwa kipimo cha damu na mabadiliko ya dozi. Moyo uliopoteza mpangilio una sababu nyingine, na huo ndio unaoweza kumletea mtu kiharusi akiwa shambani. Tofauti ya hayo mawili inajulikana kwa vidole vitatu na saa ya simu. Haihitaji nauli ya kwenda hospitali kubwa ya Eldoret.

Tuliondoe kwanza lile la "mawazo tu". Mwaka 1835 daktari Robert Graves wa Dublin, ambaye jina lake limepewa aina ya ugonjwa huu inayopatikana zaidi, aliandika habari za wanawake watatu waliosumbuliwa kwa muda mrefu na mapigo makali ya moyo huku tezi ya shingo, yaani thairoidi, ikivimba. Moyo ulikuwa sehemu ya ugonjwa tangu siku ya kwanza ulipoelezwa. Wasiwasi upo, na nitaufikia, lakini mtu asikubali kupewa jibu hilo kabla hajapimwa.

Shika mkono wako

Keti dakika tano bila kuzungumza, na usiwe umetoka kunywa chai au kuvuta sigara. Geuza kiganja juu. Weka vidole vitatu vya mkono wa pili chini ya kidole gumba, kwenye kibonde kilicho kati ya mfupa na ule mshipa mgumu wa katikati. Usitumie kidole gumba kupimia, maana kina mapigo yake mwenyewe na kitakudanganya. Hesabu dakika nzima. Ile njia ya kuhesabu sekunde kumi na tano ukazidisha mara nne inafaa kwa moyo uliotulia. Kwa moyo unaorukaruka inatoa namba ya uongo.

Ukihesabu, gonga meza kwa kidole cha mkono ulio huru kufuata kila pigo. Sikiliza. Mtu mzima aliyekaa anatarajiwa kuwa kati ya 60 na 100. Kama kila pigo linaangukia pale ulipolitarajia, mpangilio upo hata kama namba ni 105. Kama mapigo yanakwenda vizuri, mara moja linapotea, kisha linakuja lingine lenye nguvu, hilo ni pigo la ziada lililotangulia kabla ya wakati wake. Watu wengi wazima wanayapata, na kwenye moyo usio na ugonjwa mwingine mara nyingi hayana madhara. Lakini kama huwezi kabisa kubashiri pigo linalofuata, mengine yanakaribiana, mengine yameachana, mengine hafifu hadi hayashikiki, andika neno "ovyo" kwenye daftari na usome sehemu inayofuata kwa makini.

Daftari lenyewe liwe dogo la shule. Pima asubuhi kabla ya kutoka kitandani, jioni, na kila dalili inapokuja. Andika tarehe, saa, namba, "sawa" au "ovyo", ulikuwa ukifanya nini, na umekunywa au umemeza nini. Wiki mbili zinatosha kumwonyesha daktari picha ambayo maneno ya "huwa inanishika tu" hayawezi kumpa.

Kuna kipimo kingine cha zamani ambacho nakipenda kwa sababu hakina gharama na kinajibu swali gumu. Mwombe mume wako, dada yako au mtoto mkubwa akuhesabu mapigo ukiwa usingizini. Wasiwasi hulala mtu anapolala. Homoni ya thairoidi hailali. Ukiwa umelala fofofo na mapigo bado ni 95, hayo si mawazo, na kipimo cha damu kinafaa kurudiwa. Ubaya wake ni kwamba propranololi inaificha ishara hii, kwa hiyo andika pia kama uliimeza jioni hiyo.

Kama vidole vinakushinda, tafuta mhudumu wa afya wa kijiji chako. Tangu Septemba 2023, serikali ilipowazindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, waligawiwa mikoba yenye mashine ya kupimia presha, na mashine hiyo huonyesha mapigo pia. Mashine nyingi za kisasa huweka alama ya moyo kwenye kioo mapigo yasipofuatana. Pima mara tatu, si mara moja, maana moyo usio na mpangilio huichanganya hata mashine.

Ukiona "ovyo"

Vyumba viwili vya juu vya moyo vinaweza kuacha kusukuma na kuanza kutetemeka tu. Watu wa hospitali hulifupisha jina la hali hii kuwa AF. Kati ya wagonjwa wa thairoidi iliyozidi, makadirio ya kawaida ni kwamba mmoja katika kumi au zaidi kidogo huipata, na wazee huipata zaidi. Damu ikituama kwenye chumba kisichosukuma hufanya donge, na donge likipanda kichwani ndiyo kiharusi.

Kwa hiyo wiki hiyohiyo nenda ukapimwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti, iwe ya Bungoma au ya Kitale. Kipimo hiki kinaona kinachotokea katika sekunde zile umelala na nyaya kifuani, basi. Kama roho yako hudunda jioni na wewe ulipimwa saa nne asubuhi ikiwa imetulia, karatasi itasema uko sawa, na utakuwa sawa kweli, kwa saa hiyo. Jaribu kufika dalili ikiwapo. Ikishindikana, uliza kuhusu kifaa cha kuvaa saa 24 kinachorekodi kila pigo. Kwa watu wa upande wetu mara nyingi rufaa hiyo itakupeleka Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret.

Sasa habari njema, ambayo wagonjwa wengi hawaambiwi. AF iliyoletwa na thairoidi mara nyingi huondoka yenyewe homoni zikishatulia. Wajapani waliwafuatilia wagonjwa 163 wa namna hii na kuchapisha matokeo mwaka 1982: moyo wa wagonjwa 101 ulirudi kwenye mpangilio bila kushtuliwa kwa umeme, na kwa wengi wao ulirudi ndani ya wiki tatu tangu homoni ziwe za kawaida. Lakini kati ya wale ambao bado walikuwa na AF baada ya miezi minne ya homoni nzuri, hakuna hata mmoja aliyepona mwenyewe. Hapo ndipo subira inapopata tarehe. Andika kwenye daftari siku ya kwanza homoni zako za thairoidi, T4 na T3, ziliposomeka za kawaida. Miezi minne kuanzia siku hiyo ikipita na mapigo bado ni ovyo, ni wakati wa kuzungumza na daktari wa moyo. Kungoja tena hakuna faida.

Katika muda huo wa kungoja, daktari anaweza kukuweka kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda, kulingana na umri, presha, kisukari na mengine. Usijitibu kwa aspirini; haitoi kinga ya kutosha hapa. Ukipewa warfarini, jua mambo mawili. La kwanza, thairoidi inapozidi, warfarini kidogo hufanya kazi kubwa. Inapotulia, dozi ileile huwa haitoshi. Kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inavyochelewa kuganda na ambacho kwa kawaida hulengwa kati ya 2 na 3, inabidi kirudiwe mara kwa mara wakati homoni zinabadilika. Eldoret ina kliniki ya dawa hizi inayoendeshwa na wafamasia, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011 kama mfano wa namna kazi hiyo inavyowezekana mbali na miji mikuu. La pili ni mboga. Sukuma wiki, kunde, managu na mrenda zina vitamini K, ambayo hupingana na warfarini. Watu husikia hivyo wakaacha mboga kabisa, kisha msimu wa mvua wanazila kila siku, INR ikapanda na kushuka bila mtu kuelewa. Kula mboga zako, ila kiasi kiwe karibu kilekile wiki hadi wiki, na dozi ipangwe juu ya sahani yako ya kawaida.

Usiiachie thairoidi lawama zote. Kwetu magharibi ya Kenya kuna vijana na akina mama wengi wenye vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, ile inayoanza na koo la mara kwa mara. Vali iliyobana nayo huleta AF, na mtu anaweza kuwa na magonjwa yote mawili. Ndiyo sababu mwenye "ovyo" anastahili picha ya moyo, eko, angalau mara moja. Matokeo yake yanabadilisha hata dawa: utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa 2022 ulionyesha kwamba wenye AF ya vali za namna hiyo walinufaika zaidi na dawa za jamii ya warfarini kuliko rivaroksabani, dawa mpya isiyohitaji INR. Mtu akikushauri uhame kwenda dawa mpya kwa sababu haina usumbufu, muulize kwanza eko yako ilisema nini.

Mapigo ya kasi yenye mpangilio

Hapa swali la kwanza ni: "imetulia" maana yake nini? Omba karatasi ya maabara uione mwenyewe. Kabimazoli huzuia tezi kutengeneza homoni mpya. Haiondoi iliyokwisha kuwekwa akiba. Homoni ya T4 huchukua kama wiki moja kupungua nusu. Kwa hiyo wiki tatu hadi nane za kwanza roho kudunda si dalili kwamba dawa imeshindwa.

Baada ya hapo, angalia namba tatu na si moja. TSH, homoni inayoiamuru tezi ifanye kazi, ambayo ndiyo kliniki nyingi hupima peke yake kwa kuokoa pesa za mgonjwa, hubaki chini kwa miezi hata T4 ikiwa imerudi mahali pake. Ukihukumiwa kwa TSH peke yake katika miezi ya mwanzo, unaweza kuongezewa dawa usiyoihitaji hadi tezi ikalala kabisa. Na upande wa pili, T4 inaweza kuwa nzuri huku T3 ikiwa bado juu, na T3 ndiyo inayouchapa moyo. Kama pesa zinatosha vipimo viwili tu katika miezi hiyo, mimi ningeomba T4 huru na T3 huru, yaani FT4 na FT3 kwenye karatasi. Baadaye, hali ikishatulia, TSH inakuwa kipimo kizuri, na usiidharau: wazee wa Framingham, Marekani, waliofuatiliwa kwa miaka kumi, walionyesha katika matokeo ya mwaka 1994 kwamba wenye umri wa miaka 60 na zaidi wenye TSH isiyozidi 0.1 walipata AF mara tatu ya wenye TSH ya kawaida.

Tezi iliyolazwa mno nayo husumbua. Mtu anachoka, anahisi baridi hata jua la Bungoma likiwaka, uzito unapanda, na juu ya hayo anasikia mapigo ya kurukaruka. Akihisi roho anadhani ugonjwa umerudi, anaongeza kabimazoli. Anazidi kujizamisha. Usipandishe wala kushusha dozi kwa kusikiliza kifua.

Waliofanyiwa upasuaji, au waliokunywa iodini ya mionzi Nairobi, wana hesabu tofauti. Iodini ya mionzi hufanya kazi polepole, wiki sita hadi miezi sita, na mwanzoni tezi inayokufa inaweza kumwaga homoni zake na kuuharakisha moyo. Baadaye wengi huishiwa na homoni wakapewa levothairoksini ya kumeza maisha yote. Dozi ikiwa kubwa kidogo tu, roho inadunda upya, na safari hii anayesababisha ni kidonge. Kimeze kwa maji matupu nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Vidonge vya madini ya chuma au kalisi vikae mbali nacho saa nne. Dozi ikibadilishwa, subiri wiki sita hadi nane kabla ya kupima tena, kwani kabla ya hapo namba haijakaa. Kwa aliyepasuliwa, ganzi ya midomo na vidole pamoja na misuli kukaza ni dalili ya kalisi kushuka, ambayo huweza kuvuruga mapigo. Hilo lisisubiri tarehe ya kliniki.

Halafu kuna bayotini. Vidonge vya kukuza nywele na kucha vinavyouzwa mjini vina bayotini nyingi, na katika mashine nyingi za maabara bayotini hutoa matokeo ya uongo: TSH inaonekana chini, T4 inaonekana juu. Mtu mwenye afya kamili anaweza kutibiwa ugonjwa wa karatasi. Acha vidonge hivyo siku mbili au tatu kabla ya kutolewa damu, na umwambie mtu wa maabara kama umesahau.

Propranololi yenyewe ni dawa nzuri, na inapofaa hutuliza moyo siku ileile huku kabimazoli ikijikokota. Tatizo ni namna inavyonunuliwa: vidonge kumi leo, wiki ijayo hakuna pesa, wiki inayofuata vidonge vitano. Ukiikata ghafla moyo hulipiza kwa kwenda kasi kuliko mwanzo, na mgonjwa huamini thairoidi imerudi. Nunua ya mwezi au usianze. Na ukiiacha, ipunguzwe hatua kwa hatua kwa maelekezo ya aliyekuandikia. Mwenye pumu asiimeze kabisa bila daktari kujua, kwani inaweza kumfunga kifua. Mwenye kisukari anayetumia insulini ajue kwamba inaficha mapigo ya kasi yanayomjulisha kuwa sukari imeshuka.

Damu, homa na yaliyo kwenye kikombe

Bungoma iko katika ukanda wa kaunti za ziwa ambako malaria haina msimu wa kuisha, na Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, hupata milipuko ya nyanda za juu. Malaria hula damu. Minyoo pia, na hedhi nzito, ambayo mara nyingine huja tezi inapolala. Selimundu nayo si ngeni katika familia za huku. Damu ikipungua, moyo hukimbia kufidia, na hakuna kiasi cha kabimazoli kitakachoutuliza. Kipimo cha himoglobini ni rahisi kupatikana kuliko cha FT3. Kiombe mapema, hasa kama unahema ukipanda kilima na kope zako kwa ndani ni nyeupe.

Homa peke yake huongeza mapigo kama kumi kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo siku za homa usizihesabu kwenye daftari, au ziandike kwa wino tofauti. Lakini kwa anayemeza kabimazoli, homa ina maana nyingine ambayo lazima niikalie, kwa sababu ni mahali ambapo desturi yetu inaweza kuua. Mara chache, kwa mtu mmoja kati ya mia kadhaa, dawa hii hufuta chembe nyeupe za damu zinazopigana na maambukizi. Dalili ni homa au koo linalouma, pengine na vidonda mdomoni. Huku kwetu mtu akipata homa humeza dawa ya malaria na kulala. Wewe usifanye hivyo. Ikija homa au koo linalouma, hata moja peke yake, acha kabimazoli siku hiyohiyo, nenda hospitali, sema wazi kwamba unatumia dawa ya thairoidi, na uombe hesabu kamili ya damu kabla ya jua kuzama. Kipimo cha malaria kifanywe pia. Kupata malaria hakumaanishi chembe nyeupe ziko salama. Kama hesabu ni nzuri, utarudia dawa kwa idhini ya daktari. Ukipewa dawa ya malaria, hasa kwinini, taja dawa zote za moyo unazotumia, kwani nyingine hazipatani.

Yaliyobaki ni ya nyumbani. Kahawa ya miteremko ya Mlima Elgon ni fahari yetu, ila kwa miezi hii kikombe kimoja cha asubuhi kinatosha, na chai nzito ya jioni ikiachwa utaona tofauti ndani ya siku chache. Miraa na muguka sina namna ya kuvitetea. Vinasukuma moyo uleule unaojaribu kuutuliza. Vinywaji vya kuongeza nguvu vivyo hivyo. Chang'aa ya Jumamosi huweza kuamsha AF Jumapili. Dawa za mafua zinazofungua pua na pampu ya pumu ya salbutamoli huharakisha mapigo pia. Pampu usiiache ikiwa unaihitaji, ila iandike kwenye daftari.

Chumvi endelea nayo. Chumvi ya dukani Kenya huongezwa iodini kwa mujibu wa sheria, na kiasi cha jikoni hakina neno. Kinachofaa kuepukwa ni iodini ya ziada: unga wa mwani na michanganyiko ya "kusafisha tezi". Nyanda za juu zilijulikana kwa rovu, na shingo iliyokaa na vinundu miaka mingi bila iodini ya kutosha huweza kuzidisha kazi ikiipata ghafla. Jambo hilo lilishuhudiwa Kivu na Zimbabwe katika miaka ya 1990 chumvi yenye iodini ilipoenea. Dawa ya moyo ya amiodaroni nayo imejaa iodini, kwa hiyo anayekuandikia ajue historia ya shingo yako.

Hili la vinundu lina swali lake la kuuliza kliniki: "Daktari, ugonjwa wangu ni wa Graves au ni wa vinundu?" Ule wa Graves unaweza kutulia baada ya mwaka mmoja au mmoja na nusu wa vidonge. Wa vinundu hautulii kwa vidonge. Unafunikwa tu, na ukiviacha roho inaanza tena. Mwenye vinundu anayeambiwa kila miezi sita "tujaribu tena dawa" anapoteza muda ambao angeutumia kupanga upasuaji au safari ya iodini.

Vipimo vyote vikitoka safi

Ndipo wasiwasi unapopewa nafasi yake. Mtu aliyeishi miezi mingi na moyo unaokwenda 130 amejifunza kuusikiliza, na masikio hayo hayafungi siku homoni zinapotulia. Misuli pia imeliwa na ugonjwa, kwa hiyo kazi ndogo inaupandisha moyo kuliko zamani. Tiba ya hayo ni mwendo: kutembea kwenye barabara tambarare dakika kumi, wiki ijayo kumi na tano, huku ukiweza bado kuzungumza. Kulima kutwa nzima wiki ya kwanza baada ya kupona ni kujitafutia maudhi. Usiku lalia ubavu wa kulia. Moyo ukiwa mbali na godoro kelele zake hupungua. Ukishahesabu mapigo ukaona 78 na "sawa", funga daftari na usihesabu tena hadi kesho.

Kuna hali ambazo daftari halina kazi. Maumivu ya kifua, kuzimia, pumzi kukatika ukiwa umekaa, mapigo ya zaidi ya 120 yasiyoshuka ukiwa umepumzika, mdomo kupinda, mkono au mguu kufa upande mmoja, au homa kali na kuchanganyikiwa kwa mtu aliyeacha dawa za thairoidi: tafuta gari, si boda boda kama mgonjwa hawezi kujishikilia, na nenda moja kwa moja hospitali ya kaunti. Usipitie dukani kununua dawa.

Kwa siku za kawaida, jiandae kabla ya kupanda matatu. Hakikisha umesajiliwa kwenye bima ya afya ya SHA na michango yako haijalala, jambo linaloangaliwa kwa *147#. Piga picha kila karatasi ya maabara na uitunze kwa tarehe, maana faili la Kitale halikufuati Eldoret. Ikiwezekana rudia kupima maabara ileile ili namba zilinganishike. Beba pakiti za dawa zote, za mitishamba zikiwemo. Ukifika mbele ya daktari, anza na daftari: "Nimepima wiki mbili. Nikiamka ni 88, jioni 104, usingizini 90. Mara nyingi ni sawa, mara nne yamekuwa ovyo, na hizi ndizo tarehe." Kisha uliza FT4 na FT3 zinasemaje leo, na ECG ya mwisho ilifanywa dalili ikiwapo au haipo.

Siku utakapoambiwa uache kabimazoli, usitupe daftari. Karibu nusu ya wenye ugonjwa wa Graves hurudiwa nao baada ya kuacha vidonge, wengi ndani ya mwaka wa kwanza, na mapigo ya asubuhi yanaweza kupanda kabla ya uzito kuanza kupungua. Pima mara moja kwa wiki. Yakipanda kwa kumi au kumi na tano na kubaki huko wiki mbili bila homa wala sababu nyingine, nenda ukatolewe damu bila kungoja tarehe uliyopewa.